Makubazi ya Nana Tatale

Jumatatu, 3 Juni

Jana tumefungwa tena. Tatu bila. Si kosa langu. Dakika ya kumi nilimwambia Kocha Dankwa amtoe kipa amweke dereva wa gari la kiwanda changu cha maji, maana ni mrefu. Akajifanya hasikii. Nikaingia uwanjani mwenyewe kumtoa kipa. Refa akanifukuza kwa mikono miwili kama anafukuza kuku kwenye mtama. Mimi! Mwenye timu! Mtu aliyecheza filamu arobaini na mbili za kuchekesha, anayejulikana kutoka hapa mpaka Tamale, kaskazini kabisa, kwa jina la Tatale!

Jumapili ijayo ni mechi ya mwisho, na Chui wa Ankaase, timu ya Abrafi muuza kuku wa barafu. Tunahitaji sare tu. Tukifungwa tunashuka daraja. Na Nyuki wa Nkwantaso, timu yangu, wakishuka, wanakufa. Mara ya mwisho mji ulikaa miaka kumi na mmoja bila timu, mbuzi wakalala golini. Baba yangu, fundi viatu, ndiye aliyekuwa akishona mipira na njumu za Nyuki. Alifariki katika miaka hiyo, hakuwaona wakirudi. Ndiyo maana nimeinunua timu. Watu wanadhani ni majivuno. Waache wadhani.

Asubuhi Abrafi kasema kwenye redio ya mji kwamba nimenunua timu kama mtu anayenunua suti ya kwenda kwenye harusi asiyoalikwa. Tangu shule ya msingi mwanamke huyu ananichokoza. Alinishinda mbio mara moja tu, na nilikuwa na malaria.

Nimeshapata dawa yake. Nitacheza mwenyewe. Nilijisajili kimyakimya tangu Januari, namba kumi. Miaka hamsini na minne si kitu. Pumzi ninayo, akili ninayo, kitambi kitapungua.

Jumanne, 4 Juni

Nimempasulia Kocha Dankwa habari njema: Jumapili naanza. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akaniuliza kama nimelala vizuri siku hizi. Nikamwambia nimelala kama mtoto. Akasema basi Mungu atusaidie. Nimefurahi kuona ni mtu wa dini.

Jioni nimemkuta anatoka jikoni kwangu kwa mlango wa nyuma. Eti alikuja kuomba pilipili. Serwaa, mke wangu, akaitikia haraka mno kwamba ndiyo, pilipili. Baadaye nikafungua kabati: ile chupa ya pombe kali niliyoiweka kwa ajili ya kupeleka kwa machifu haipo. Kumbe kocha anakunywa! Sasa naelewa kwa nini tunafungwa. Sitamwaibisha mbele ya wachezaji, ila nitamwangalia kwa jicho la pembeni.

Jumatano, 5 Juni

Siku kubwa. Wajumbe wawili kutoka kwa Nana, chifu wetu, wamekuja na kukaa na kunywa maji na kuzunguka mbuyu kwa nusu saa, halafu wakasema: mji umeona mema yangu, Nana anataka kunipa kigoda cha uchifu. Chifu wa maendeleo! Kesho!

Nimejikaza nisicheke kwa furaha. Hii ni kazi ya mikono yangu. Tangu mwaka jana nampelekea Nana mifuko arobaini ya maji kila mwezi bila kusema kitu, nikijua iko siku. Subira haipotei bure.

Nimekimbia kumwambia Serwaa. Hakushtuka. Vazi langu la kente lilikuwa tayari limetandikwa kitandani. Nimemuuliza alijuaje. Kasema, "Baba Adwoa, mke ana macho ya moyo." Kweli nimeoa.

Abrafi atapasuka.

Alhamisi, 6 Juni

Alhamisi hakuna anayeshika jembe hapa kwetu, kwa hiyo mji mzima ulikuwepo. Wameniketisha kigodani mara tatu, wakanifunika kwa mwavuli mkubwa kama paa la duka, ngoma zikalia mpaka kifua kikatetemeka. Sasa mimi ni Nana Kwaku Amoateng wa Kwanza. Nimetamani baba angekuwepo. Angetazama makubazi yangu ya kichifu kabla ya kunitazama mimi, kuona kama nyuzi zimekaa sawa.

Kisha wakanisomea miiko. 

Chifu hasemi na watu moja kwa moja hadharani. Maneno yake yanapitia kwa msemaji wake, okyeame, mwenye fimbo ya dhahabu, ambaye kazi yake ni kuyatia asali. Wangu ni Mzee Baffoe, mwalimu mstaafu, mpole kama uji. Chifu hakimbii. Na chifu havui makubazi mbele za watu. Wayo wake ukigusa ardhi ni balaa kwa mji, lazima kondoo achinjwe.

Nikainama nikamnong'oneza Nana: na mpira je? Jumapili nacheza. Nana akafumba macho kwa masikitiko makubwa. Akasema mila ni mila, mjukuu wangu, angalau ungetuambia mapema. Nyuma yake alisimama Kocha Dankwa, leso mdomoni, mabega yanacheza. Maskini analia. Sikujua kama ananihesabu kiasi hicho. Nimemsamehe ile chupa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimewaza mpaka fufu yangu ya muhogo ikapoa sahanini. Halafu ikaja yenyewe.

Mila inakataza kuvua makubazi. Haikatazi makubazi kuwa na meno!

Nikaenda kwa Fundi Oteng, aliyejifunza kazi kwa baba yangu. Nikamwambia atoe meno kwenye njumu na kuyapigilia chini ya makubazi yangu ya kichifu. Akayageuza, akayageuza tena. Akaniuliza kama ninadhani marehemu mzee anaona jambo hili. Nikamwambia anaona na anachekelea. Akasema la kuchekelea hana wasiwasi nalo.

Kapigilia meno sita kila upande. Nimekuwa mrefu kidogo. Kuhusu kukimbia, nitatembea upesi. Kuhusu kusema, miguu itasema. Mchawi mpe mtoto akulelee: mila wamenipa wenyewe, na mila ndiyo itakayoniingiza uwanjani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefanya mazoezi nyuma ya matangi ya kiwanda. Nimefukua tuta zima la pilipili za Serwaa. Nikangoja ugomvi. Hakuna. Aliinama tu akaangalia mashimo, akauliza kama meno yanazama sana. Nikamwambia kama kidole. Akasema vizuri, mvua ya kesho itakuwa kubwa, mwambie Fundi Oteng ayaongeze urefu. Mwanamke anayejua mpira ni baraka. Nimeyaongeza.

Pia ndiye atakayenipangia mahali pa kukaa kesho. Kasema upande wa chini, karibu na kona, hapapigi upepo.

Jumapili, 9 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Mvua tangu alfajiri. Nilifika na ngoma, mwavuli na watu wanane, jezi namba kumi nimeivaa chini ya kente. Upande wa chini kweli hapakuwa na upepo. Palikuwa na tope.

Abrafi akaja kunisalimu. Ilimbidi avue viatu na kuinama, maana mimi ni chifu. Ndoto yangu ya miaka arobaini na tano. Alipoinama akaninong'oneza, "Tatale, hata kwenye filamu hukuwahi kunichekesha hivi." Chifu hajibu. Nikameza.

Dakika ya ishirini Chui wakatufunga. Bibi mmoja anayeuza karanga akafunika sinia lake akaketi chini. Niliona miaka kumi na mmoja inarudi, na mbuzi golini. Roho iliniuma, sifichi.

Kipindi cha pili nikamwambia Mzee Baffoe: mwambie kocha ninaingia. Baffoe akasimama, akainua fimbo, akatangaza kwa sauti ya darasani, "Nana anasema moyo wake umeshaingia uwanjani, mnacheza naye!" Watu wakapiga makofi. Wachezaji wakanipungia mikono. Mimi nikasubiri ubao wa kubadilisha wachezaji. Ubao haukuinuka.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Nikasimama. Miguu haikuja. Meno yalikuwa yamezama kwenye tope mpaka ngozi ya kubazi. Nikavuta wa kulia, ng'o. Wa kushoto, ng'o. Nikivuta kwa nguvu, wayo unatoka peke yake, na hapo ni balaa na kondoo. Nikayumba. Chifu haanguki hadharani, kwa hiyo vijana wawili wa mwavuli wakanikamata kiuno na kuniketisha taratibu kama yai. Serwaa akauliza kama nimekaa vizuri.

Dakika ya themanini na tatu nikaona kisa chote ni Issahaku, mshambuliaji wetu. Anaburuta miguu, anatazama chini, kakosa mawili ya wazi. Hasira zikanipanda. Nikamwambia Baffoe, neno kwa neno: mwambie kocha amtoe huyo mzembe, anatembea kama kala fufu mbili, na kesho asikanyage kwangu!

Baffoe akawaza kidogo. Akainua fimbo. "Issahaku! Nana anasema jicho lake liko kwako tangu mwanzo. Kukosa mara mbili si kukosa mara tatu. Na kesho unakula kwake, fufu mbili!"

Yule kijana akanitazama. Akafuta uso kwa jezi. Sijui kilichompata. Akapokea mpira katikati, akampita wa kwanza, wa pili akateleza mwenyewe, kipa wao akatoka, na mpira ukapita chini yake ukaingia polepole, tope juu yake, kama hautaki.

Sare, bao moja kwa moja. Filimbi. Tumebaki!

Mji mzima ulikuja upande wa chini. Waliimba "Nana Tatale, Nana Tatale" mpaka mwavuli ukavunjika. Katika uwanja ambamo baba yangu alikaa pembeni na sindano na uzi, na mimi nilikaa benchi miaka mitatu sikuitwa hata mara moja. Nililia. Serwaa akanifuta kwa pindo la nguo yake. Abrafi alinipa mkono, akasema afadhali tumebaki, msimu ujao angemcheka nani?

Wamenibeba na kigoda changu, wayo haukugusa ardhi. Makubazi walikuja kuyachimbua kwa jembe baadaye.

Jumatano, 12 Juni

Issahaku bado anakula kwangu. Siku ya tatu. Nilipomuuliza sababu, kasema mimi ndiye niliyemwalika. Nikamwita Mzee Baffoe. Akaeleza kila alichosema Jumapili, bila haya, akinywa maji yangu. Kasema ametia asali tu, Nana, ndiyo kazi.

Nimekaa na jambo hili tangu asubuhi. Sina kinyongo na mzee. Lakini ukweli usemwe: kama maneno yangu yangefika uwanjani kama nilivyoyatamka, tungeshinda tatu kwa moja.

Kwa hiyo nimeagiza kipaza sauti kutoka Kumasi. Kikubwa, kinasikika mpaka Ankaase. Mila inasema chifu hasemi na watu moja kwa moja. Nitakuwa nasema na kipaza sauti. Kinafika Ijumaa. Meno ya makubazi nayo nayapunguza, nimegundua urefu ndio uliotuponza.

Serwaa kafurahi sana. Kauliza kinafika saa ngapi hasa, na kinapitia barabara ipi. Sasa hivi ametoka, kajifunga kitenge kizuri, na chupa mpya ya pombe kali kwapani, anaelekea kwa Nana, Kocha Dankwa akimfuata nyuma.

Bila shaka wanakwenda kushukuru kwa niaba yangu.