Ngumi Kumi na Moja Kila Bega

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka hai. Daktari atashangaa. Mapafu yanapiga mluzi kama birika, lakini kichwa kizima, na kwa kuwa sina muda mrefu nimeazimia kuandika humu ukweli mtupu. Uongo nitawaachia watu wa nyumbani.

Mjukuu wangu amepita kutoka chuoni. Jumamosi anazamia kwa mara ya kwanza, katika bwawa lao la kuogelea, na kila mwanafunzi aje na bamba lake la mgongoni la kufungia mtungi wa hewa. Nikafungua mdomo kusema: lipo, chini ya kitanda changu, la chuma, lililonibeba miaka yote nilipokuwa nikikwangua kome kwenye matumbo ya meli. Akaniwahi. Babu Pweza ameshamwazima la kwake. La alumini!

Pweza! Tulizamia pamoja ujana mzima, na jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu mikono yake haikosi mahali. Sasa ameunyoosha mmoja hadi kwa mjukuu wangu. Nimesema alumini ni ya sufuria. Binti yangu, mama yake msichana, alikuwa anapanga dawa zangu mezani. Akasema nisijipandishe presha bure, bamba langu hata wanunuzi wa skrepa watalikataa.

Tutaona. Msichana atazama na la kwangu. Nikishaliona linaingia majini tena, mauti yabishe hodi tu. Mlango nitafungua mwenyewe.

Jumanne

Nimelivuta bamba kutoka uvunguni. Kazi ndogo imekula asubuhi nzima, pamoja na kusinzia kidogo sakafuni. Bamba zima. Mkanda umeoza.

Ni mkanda mmoja tu, hauna kiungo. Unapita kwenye matundu ya bamba, unapanda mabegani, unashuka makwapani, unarudi kwenye bamba, kisha ncha zake zinakutana kiunoni kwenye bizimu. Ukiukata mfupi, umekwisha. Marehemu mke wangu alisema ni kama ndoa: ukishaanza kuungaunga, usishuke nao kina kirefu.

Yeye ndiye aliyetoboa mkanda ule kwa msumari wa moto, ameketi juu ya ndoo, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Harufu ya nailoni inayoungua naisikia hadi leo. Wenzangu wanakumbuka uturi.

Mjukuu huyu ni bibi yake mtupu. Mwendo ule, mabega yale. Na vipimo vya bibi yake ninavyo! Nilimpima mwenyewe gatini, mkanda ukiwa begani mwake, kwa ngumi yangu: ngumi kumi na moja kila bega. Alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Haukupita muda akaikubali posa. Basi sina haja ya kumsimamisha msichana apimwe. Akipimwa, habari itamfikia Pweza, naye atapata nafasi ya kujitetea.

Tatizo: mkanda mpya. Mwenye gombo zima la mkanda mtaani hapa ni mtu mmoja tu.

Jumatano

Nimekwenda kwa Pweza na sweta kubwa na uso wa amani. Amefurahi. Tumekunywa chai, tukagombana kidogo kuhusu pete za kifuani, zile za kutundikia vifaa kwenye mkanda. Mimi naziweka juu, mkono uzifikie hata gizani. Yeye anazining'iniza kama kengele za mbuzi. Alipokwenda kuchemsha maji tena nikaingia stoo. Gombo lilikuwa mlangoni kabisa, uzembe wake. Nikakata, nikajizungushia tumboni, nikashusha sweta.

Kosa: nilikaza mno. Kikombe cha pili kilikosa pa kukaa. Pweza akanitazama sana, akasema mzee mwenzangu umenawiri, dawa zimekukubali. Nikasema ni uji. Akanisindikiza hadi getini, akanipigapiga tumbo. Aibu!

Nyumbani mambo yakazidi. Binti yangu aliniona nikiingia, akashika mdomo, akampigia dada yake simu kwamba Baba ameanza kunenepa. Alilia kidogo. Sikuwa na moyo wa kumvulia sweta. Nimekula sahani mbili ili kuulinda uongo.

Alhamisi

Nimepima. Nimekata. Kumi na moja kulia, kumi na moja kushoto. Msumari nimeuchoma jikoni wakati binti yuko sokoni. Nimeungua kidole gumba. Nimemwambia ni birika. Moshi ukapanda. Ni kama nilisikia mtu ana kwikwi.

Ijumaa

Msiba! Msichana amekuja na suti yake ya kuzamia, nikamvalisha. Mkono wa kwanza ukaingia. Wa pili ukakwama juu, kama mtu anayeomba ruhusa darasani. Tulimnasua kwa nguvu za mama yake na mafuta ya kupikia. Akasema kwa upole, Babu usijali, nitavaa la alumini.

Upole ule ndio ulioniua. Nilisema suti ni nene mno. Nilisema vijana wanakula hovyo. Nilisema mengi.

Jioni Pweza akaja bila kualikwa. Akaukagua mkanda, akaniuliza nilipimia nini. Nikamwambia. Akaushika mkono wangu, akaukunja ngumi, akauweka kando ya ngumi yake. Zamani zilikuwa sawa. Tulikuwa tukiazimana glavu.

"Kumbukumbu yako haina kasoro, ndugu yangu," akasema. "Ngumi ndiyo imekonda."

Binti yangu akageuka, akaanza kupanga dawa alizokwisha kuzipanga.

Ndipo Pweza akafungua koti. Alikuwa amejizungushia mkanda kiunoni, wote uliobaki! Akasema gombo aliliweka mlangoni makusudi, akinisubiri. Ningeomba angenipa, ila asingecheka vile. Tukapima upya kwa ngumi yake. Kumi na moja. Umemkaa msichana kama ngozi! Pete tumeziweka juu. Pweza amekubali kwa kuwa naumwa. Nitaendelea kuumwa.

Jumamosi

Bwawani, nimeketi kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini. Nikapitisha ngumi chini ya mkanda begani mwa msichana, kukagua. Ikapita upesi mno. Pweza akarudia kwa yake.

Msichana akaingia majini. Chuma hakibishani na maji, kinashuka kwa adabu. Viputo vikapanda. Kwa kitambo nilikuwa kule chini, kwenye kijani cha gatini, nimeshika mkono wenye baridi, na hakuna kati yetu aliyekuwa na hamu ya kurudi juu.

Alipoibuka alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Pweza akafuta macho, akalisingizia jua. Bwawa lina paa.

Jumapili

Nimeamka hai tena. Hodi sijaisikia. Vema, nina kazi.

Binti yangu, yuleyule aliyelitukana bamba langu, ameniuliza, kama mtu asiyejali, iwapo mwanamke wa umri wake amechelewa kujifunza kuzamia. Nilipiga magoti nikachungulia uvunguni. Kule nyuma, limeegemea ukuta, lipo la pili: bamba la mama yake.

Simwambii mtu. Atastaajabu! Kumpima hakuna haja, ni mama yake mtupu: ngumi kumi na moja. Na kwa nilivyokula wiki hii, ngumi yangu lazima imesharudi. Mkanda uliobaki Pweza amekwenda nao. Hatashuku kitu.

Sweta nimelianika. Kesho litakuwa limekauka.