Mawe ya Kijani Handakini

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kumekucha! Madam Meera, mwenye handaki letu la kuosha magari, ametangaza kwamba Jumamosi atachagua msimamizi. Ni mimi au Murugi. Maskini Murugi! Kazi yake ni kusimama mlangoni akirudia yale yale kama redio: funga vioo, toa gia, usiguse breki, usishuke. Mimi nina akili. Nimeshamwambia mama cheo ni changu. Mama ameshawaambia watu wa kanisa.

Jumanne, 4 Machi

Nimechunguza wateja. Wa mjini hawana shida. Mkanda wa mashine unawavuta katikati ya brashi, dakika nne, wanatoka wanang'aa. Wazee ndio wanatukimbia. Mzee Wahome, mkulima wa kahawa, alifika mlangoni na pikapu yake, akasikia ati atoe gia na aachilie breki. Akageuza gari pale pale.

"Kijana, hii gari yangu haijawahi kaa bila gia na bila jiwe," akaniambia.

Namwelewa kabisa. Nyeri yote ni mteremko. Baba yangu husahau miwani, lakini jiwe la kuweka kwenye gurudumu halisahau. Murugi akaandika daftarini kwamba mteja alikosa maelezo. Maelezo gani? Mteja alikosa jiwe!

Alhamisi, 6 Machi

Nimeokota mawe ishirini mtoni. Nimeyapaka kijani, rangi ya kampuni. Kila mzee anapewa moja alipakate ndani ya gari, moyo utulie, akitoka analirudisha. Leo wamepita sita, wote wametulia tuli. Murugi akauliza kama nimewaambia wasiyatumie. Nikamjibu kwamba mtu mzima hafundishwi jiwe. Nikacheka sana. Yeye hakucheka. Wivu huo.

Madam Meera aliona foleni ya pikapu, akauliza siri yangu. Nikasema ni heshima. Akatabasamu! Nimenunua tai.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mzee Wahome alirudi, na mkewe Mama Wakonyo kando yake, wote wamevalia vizuri kwa harusi kule Karatina. Nikampa jiwe kubwa kuliko yote. Murugi alipoanza hotuba yake nikamwambia anyamaze, huyu ni mteja wangu.

Mashine ikaanza kuvuta. Mzee akaona gari linatembea na yeye haliendeshi. Akafanya ambacho mtu yeyote wa hapa angefanya. Akafungua mlango, akashuka kwenye povu, akaweka jiwe langu mbele ya gurudumu.

Mkanda ukakwama. Brashi hazikukwama. Zilimsugua Mzee, suti na kofia, kisha zikapitia mlango uliobaki wazi zikamfikia Mama Wakonyo na kilemba chake. Nilipiga kelele kwamba watulie. Murugi ndiye aliyekumbuka kitufe chekundu cha kuzima mashine.

Mzee akatoka mweupe kwa povu, ameumia kidole tu. Hakulilaumu jiwe. Alisema jiwe limefanya kazi yake, ni mashine ndiyo haina adabu. Mama Wakonyo alisema mengine, na hayo siyaandiki.

Msimamizi ni Murugi. Madam Meera alitangaza mbele ya wateja wote, kisha akaniambia, bila hata kuniangalia, nirudishe mawe mtoni. Niliona aibu. Machozi yalinilenga, nikasingizia sabuni.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani akina mama wamenisalimu "Bwana Msimamizi" na kunishika mkono. Sikukana. Mama alikuwa amefurahi sana.

Wakati wa mahubiri nimefikiria vizuri. Jiwe halina kosa. Limesimamisha mashine ya mamilioni! Kosa ni kwamba Mzee alilazimika kushuka. Basi. Mawe sikuyarudisha mtoni, yote yako chini ya kitanda changu, na jioni hii nimeyafunga kamba moja moja. Kesho mteja atashusha jiwe lake kupitia dirisha, amekaa raha mustarehe, haguswi na tone.

Dirisha litafunguliwa kidogo tu.