Kura ya Marehemu Baba na Waridi Jekundu

Laurel Fork, Tennessee
Jumamosi, 14 Agosti 1920

Kwa Mheshimiwa Asa Thornbury,
Bunge la Jimbo, Nashville.

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiamini joto la huko halijakuzidi nguvu. Mimi ni Lemuel Stiltner, karani wa uchaguzi wa kituo cha Laurel Fork, yule uliyekula kwake kuku wa kukaanga wakati wa kampeni ukaapa hujapata kuonja kuku kama yule. Kuku alikaangwa na mke wangu Ludie, lakini nyumba ni yangu.

Nasikia wiki ijayo mtaamua kama wanawake wapige kura. Majimbo thelathini na tano yamekwisha kukubali, na la kwetu likiwa la thelathini na sita, basi ndiyo sheria ya nchi nzima. Nakusihi ukatae. Vaa waridi jekundu kifuani kama wenzetu wanaopinga, na mtu asikubandike lile la njano la wanaounga mkono. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wageni. Jumatatu walifika wanawake wawili wakiwa njiani kuja huko kuwashawishi. Mto ukajaa, wakaomba kulala usiku mmoja. Leo ni siku ya sita. Mmoja ni Bi Hulda Kell wa Wyoming, ambako wanawake wana kura miaka hamsini sasa. Amezika waume wawili na anafuga ng'ombe mia tatu. Mchungaji wetu alituhakikishia kwamba mwanamke akipiga kura huota ndevu. Mheshimiwa, nimemchunguza kidevu asubuhi, mchana, na kwa mwanga wa taa. Hana hata unywele mmoja! Huo ni ujanja, wala simwamini.

Mwenzake, Bi Ione Prather wa Kansas, amewahi kuwa meya wa mji wao. Nilimwuliza kwa adabu kabisa, ulipokuwa meya mumeo alipikiwa na nani? Akasema, "Alijifunza, kaka. Wala hakufa." Jamani, hayo ni majibu ya kumpa mtu mezani kwake?

2. Ramani. Jikoni, mahali pa kalenda yangu ya duka la mbegu, Ludie ametundika ramani ya nchi. Kila jimbo lililokubali amelishonea uzi wa njano. Tennessee imebaki wazi kama pengo la jino, na kiti changu kinalitazama pengo hilo. Chakula hakishuki.

3. Hili ndilo kubwa. Ludie alichukua daftari langu la wapiga kura, eti alipanguse vumbi, akalisoma. Humo akamkuta baba yangu, Mzee Josiah, tuliyemzika mwaka 1911, na tangu hapo hajakosa uchaguzi hata mmoja. Sasa wewe na mimi tunajua kwamba huku kwetu hilo si jambo. Mtu wa ukoo mzuri hakiachi chama chake kwa sababu tu amekufa. Tena marehemu ni mpiga kura mtulivu, haombi wiski, hagombani kwenye foleni, habadili mawazo. Mimi mwanawe najua alivyofikiri, basi namsaidia kuweka alama.

Ludie akaliweka daftari kando ya sahani yangu. "Bwana Stiltner," akaanza, na akiniita Bwana Stiltner najua leo nimekwisha, "baba yako yuko chini ya udongo miaka tisa, ana kura. Mimi ninayepalilia kaburi lake sina. Hebu nieleze, nife kwanza?"

Wageni walicheka mpaka Bi Kell akapaliwa na mkate wa mahindi. Nilimweleza mke wangu kwa upole kwamba kufa peke yake hakutoshi, lazima uwe umeanza kwa kuwa mwanamume. Sijui kwa nini wakazidi kucheka.

4. Daraja. Akafunua kurasa mpaka kura ya mwaka 1914, ile ya kodi ya kujenga daraja la mto wetu. Utakumbuka daraja lilishindwa kwa kura moja. Hiyo moja ilikuwa ya baba. Alipokuwa hai alichukia kodi, nami sikuona sababu ya yeye kuipenda baadaye. Safari hii Ludie hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe ni yeye," akatoka nje akaenda kukaa bandani.

Machi ya 1916 binti yetu Opal, wa miaka sita, alipata dondakoo. Daktari alikuja na mkoba wake akasimama ng'ambo tangu asubuhi hadi jioni, nasi tunamwona, maji hayapitiki. Hayo yanahusiana vipi na kura, mimi sijui. Wanawake huchanganya mambo.

5. Sasa fikiria mbele. Ukiwapa kura, watajenga daraja. Daraja likiwapo, daktari atavuka, mtoza kodi naye atavuka, na mchungaji ataweza kuja kuuliza kwa nini sijaonekana kanisani tangu Pasaka. Baadaye watasafisha madaftari, na marehemu wetu watapokonywa haki waliyoifaidi miaka na miaka. Nani atawasemea, Mheshimiwa, kama si wewe? Wao wenyewe hawawezi kuja Nashville.

Wasalimie wabunge wote, hasa wa waridi jekundu. Bi Kell na Bi Prather nao wanakusalimu, ingawa sikuwaomba.

Wako katika kukataa,
Lemuel Stiltner

Nyongeza, Jumapili: Barua hii ilikuwa iende posta jana, lakini tarishi ameshindwa kuvuka. Ludie anasema anayajua mawe ya kukanyagia. Mimi siyajui. Amevaa buti zangu, yuko mlangoni tayari kuvuka na wale wawili, na barua atakuletea mwenyewe hadi Nashville. Ameisoma yote. Nilidhani ataichana. Amesema, "Barua ya mtu ni ya mtu, Lemuel. Nitaifikisha." Nimemwambia maji bado makubwa, mke wangu, ngoja. Akanijibu, "Siku ile nilingoja."

Nilitoka kukukatia waridi jekundu. Mti tulio nao ni mmoja tu, aliupanda Ludie kwenye kaburi la Opal, na maua yake ni ya njano. Nimesimama pale muda mrefu na kisu mkononi. Baba amelala hapo hapo kando yake.

Ua limo ndani ya bahasha. Nakuomba ulivae. Jina la mzee nimelifuta kwenye daftari kwa wino, na Novemba nafasi yake kwenye foleni ataichukua mkwewe. Baba amepiga kura ya kutosha, apumzike.