Onyo la Staha

Kuanzia Jumatatu ile, katika eneo lote la kupakia na kupakua mizigo Segese, ilikuwa marufuku mtu kuokolewa maisha kwa njia isiyo ya heshima. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ghala, kwenye mlango wa choo na kwenye banda la mama ntilie. Lilikuwa limesainiwa na Ndugu Mihayo, Kaimu Mratibu wa Usalama wa Shehena, mtu aliyekaimu muda mrefu kiasi kwamba wakwe zake walidhani Kaimu ni jina lake la ubatizo.

Wenye nia mbaya walisema tangazo lile limetokana na hasira. Huo ni uzushi. Lilitokana na utafiti, na utafiti wenyewe Mihayo aliufanya kwa mwili wake.

Ilikuwa hivi. Fuso la mahindi lilikuwa limefika kutoka Ushetu, likisubiri kuhamishia mzigo kwenye gari la kwenda machimbo ya Rwamgasa, maana wachimbaji wanakula dhahabu kwa maneno tu, kwa tumbo wanakula ugali. Mihayo alikuja kukagua. Alisimama nyuma kabisa ya bodi, simu sikioni, akimweleza mtu jinsi alivyo makini. Juu ya mzigo alikuwa Mbuke, kiongozi wa makuli wa pale, mwanamke mwenye sauti ambayo ng'ombe wakiisikia malishoni huacha kutafuna. Magunia yalikuwa lumbesa, yamevimba hadi yanagoma kukaa mahali pake, na moja likateleza.

"We kitambi, ruka!" Mbuke akapiga kelele.

Mihayo akaruka. Hilo ndilo lililomuuma. Mwili wake ulitii kabla cheo chake hakijashirikishwa. Gunia lilitua palepale alipokuwa amesimama, likapasuka, na simu yake iliyokuwa imedondoka ikafukiwa na mahindi huku mtu wa upande wa pili akiendelea kusema haloo. Makuli walicheka. Dereva alicheka. Mama ntilie alicheka hadi chapati ikaungua.

Mbuke akashuka mbio, akaanza kumpangusa vumbi. "Pole, baba. Umeumia?"

"Umeniita nani?"

"Baba."

"Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo sikuwa na muda."

Kwa mujibu wa tathmini ya awali, Mihayo alikuwa hai. Kwa mujibu wa tathmini ya kina, aliyoifanya mwenyewe akiwa njiani kurudi ofisini, alikuwa ametukanwa hadharani na kuli. Mambo hayo mawili aliyapima, akaona la pili ndilo linalohitaji hatua za haraka.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Lugha ya Staha Wakati wa Hatari. Kamati ilikaa kwenye hoteli mjini Kahama, ikatumia fungu lililokuwa limetengwa kununulia makuli kofia ngumu, kwa sababu huwezi kulinda kichwa cha mtu kabla hujaujenga uelewa wake. Chenji iliyobaki ilinunua kofia za kuwatosha wajumbe. Mjadala ulikuwa mzito. Mjumbe mmoja alitaka maonyo yatolewe kwa Kisukuma, lugha ya wengi pale. Akakumbushwa kwamba Msukuma wa kweli akikusalimu huuliza nyumbani, huuliza mifugo na huuliza ukoo, na gunia haliwezi kungoja hadi ng'ombe wote waulizwe hali zao. Kamati, ikizingatia udharura, ikachagua shikamoo.

Utaratibu uliopitishwa ulikuwa rahisi. Mwonyaji atamkaribia mwonywaji ili asilazimike kupaza sauti. Ataamkia, atasubiri marahaba, atajitambulisha, ataomba ruhusa ya kuonya, kisha atataja aina ya mzigo na unakoelekea. Mwonywaji atashukuru. Endapo mwonywaji ndiye mdogo kwa umri, yeye ndiye ataanza kuamkia. Endapo umri haufahamiki, wataulizana.

Mkufunzi aliteuliwa kuwa Mzee Masudi, kuli mkongwe ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye hajawahi kuimaliza sentensi kabla ya wakati wake. Masudi alianza kazi kwenye mabehewa ya pamba pale stesheni ya Shinyanga, enzi ambazo onyo lilikuwa neno moja tu, "Chini!", na aliyelisikia hakuuliza ni nani kasema. Mihayo alimweleza kuwa enzi hizo zilikuwa za giza. Masudi akakubali, kwa kuwa ukufunzi ulikuwa na posho.

Mbuke alisimamishwa kazi hadi atakapofaulu jaribio la staha. Kuli akisimamishwa Jumatatu, njaa inaanza Jumatatu hiyohiyo. Alikwenda kukaa kwa mama ntilie akimenya viazi, macho yake yakiwa juu ya mizigo ya wenzake, na kila gunia lilipoyumba alijiziba mdomo kwa mkono wenye kisu.

Utaratibu ulipata nafasi ya kujaribiwa mapema. Bujiku, kijana wa zamu, alikuwa chini, kando ya gari, akikusanya kamba, na juu yake mfuko wa saruji ukaanza kuinama. Masudi akauona. Akakaribia.

"Bujiku, mwanangu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi naitwa Masudi, ni kuli wa hapa Segese."

"Nakufahamu, mzee. Si jana tumekula sahani moja?"

"Najua, lakini ndio utaratibu. Naomba ruhusa yako nikuonye."

"Ruhusa umepata, mzee wangu."

"Nashukuru. Basi hapo juu yako, upande wa kuume, kuna mfuko wa saruji ambao..."

Mfuko wa saruji haukuwa umehudhuria semina. Ulishuka ukatua kwenye mguu wa Bujiku.

Mihayo alilipokea tukio lile kwa furaha iliyozidi matarajio. Katika taarifa yake alieleza kuwa onyo lilitolewa kwa ufasaha, hakuna tusi hata moja lililotamkwa, na majeruhi mwenyewe alisema "Ahsante, mzee" kabla ya kupiga yowe. Vidole vya mguu vilivyopotea alivitaja kama changamoto. Masudi alipoulizwa maoni yake kama mkufunzi, alisema zamani hawakuwa na staha, ila vidole walikuwa navyo. Maoni hayo hayakuingizwa.

Kesho yake Mbuke aliingia ofisini kwa Mihayo bila kuitwa. Alikuwa ametoka kumwona Bujiku, na macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaona? Inawezekana."

"Mzee, mtoto wa watu amekatika vidole. Nirudishe juu ya gari. Nilipe nusu ukitaka, lakini niache nipige kelele."

"Kelele si mfumo, mama."

"Na ingekuwa ni wewe pale?"

"Mimi ni mratibu. Mratibu hasimami chini ya mzigo."

"Ulisimama."

"Nilikuwa nakagua."

Mbuke akamkazia macho. Mihayo aliona haya, haya ya kweli, iliyompanda hadi masikioni. Laiti ingepanda kidogo zaidi ingefika kwenye akili. Lakini alikumbuka kwamba mgeni rasmi anakuja kuzindua mwongozo huo wa maonyo, naye alikuwa na matumaini ya kuthibitishwa kazini siku hiyohiyo. Akamwambia Mbuke jaribio lake litafanyika siku ya uzinduzi, mbele ya watu. Akifaulu, atarudi juu ya gari. Likimtoka neno moja la hovyo, asikanyage tena Segese, na si yeye tu, bali kikosi chake kizima kitaondoka na kuletwa makuli wengine wenye adabu.

"Nimesikia, mzee," alisema Mbuke. "Wabeja." Na hiyo shukrani ya Kisukuma ilitoka kama mtu anayetema mbegu.

Siku ya uzinduzi ilipambwa. Fuso la dagaa kutoka upande wa ziwani liliegeshwa kando ya jukwaa la zege, na Mihayo akaagiza magunia yaongezwe juu hadi yapite kichwa cha gari mara mbili, ili shehena ionekane vizuri kwenye picha. Ikagundulika kuwa meza kuu haina kivuli. Turubai la gari likavuliwa mzigoni, likatandazwa juu ya wakubwa, upande mmoja likishikizwa kwenye bodi ya gari. Ikagundulika tena kuwa bango lenye maneno STAHA KWANZA halina kamba.

"Toa hiyo," Mihayo akamwambia Davis, utingo wa gari lile, akionyesha kamba iliyofunga mzigo.

"Bosi, hiyo ndiyo inashika kona. Ikitoka, mzigo haushikwi na kitu."

"Gari limesimama. Mzigo utaenda wapi? Na bango nani atalishika, wewe?"

Davis akaitoa. Bango likakaa vizuri sana.

Mgeni rasmi alikuwa mkurugenzi wa kanda, mtu mkubwa kwa cheo na kwa umbo, na meza kuu nzima ilikuwa ya watu walioshiba: wenyeviti, wajumbe wa kamati, mchungaji na shehe wa kufungua kwa dua. Wote walivaa kofia ngumu mpya, bei bado imening'inia kwenye baadhi yake. Makuli walisimama juani, vichwa wazi. Bujiku alikuwa ameletwa na wenzake, anaegemea fimbo.

Katika igizo, ambalo ndilo lilikuwa jaribio la Mbuke, Mihayo mwenyewe ndiye angekuwa mtu aliye hatarini, kwa kuwa alikuwa na uzoefu. Akasimama chini ya mzigo. Gunia lililojazwa majani makavu lingesukumwa kutoka juu baada ya Mbuke kukamilisha hatua zote. Generosa, katibu wa kamati, alishika saa ili kupima urefu wa heshima.

Mbuke alisimama kwenye jukwaa la zege, kitenge kipya, mikono mbele. Alikuwa amefanya mazoezi na Masudi hadi koo limekauka.

"Shikamoo, mzee."

Mihayo akavua kofia ngumu na kuibana kwapani, kwani mtu mstaarabu haitiki salamu akiwa amefunika kichwa. "Marahaba. Hujambo?"

Hapo ndipo Mbuke alipoona kona ya juu ya mzigo, ile iliyokuwa imefungwa kamba, inahema. Halikuwa gunia la majani.

"Sijambo, mzee, huo mzigo una..."

"Jitambulishe kwanza," akasema Mihayo, akitabasamu kwa kamera.

"Naitwa Mbuke, na huo mzigo..."

"Mbuke nani? Mgeni rasmi angependa kulisikia jina lote. Tusiwe na haraka."

Meza kuu wakacheka kwa upole. Mbuke aliwatazama makuli wenzake waliopangwa juani, akautazama mguu wa Bujiku, akamtazama huyu mtu mwenye kofia kwapani. Alijua anachokwenda kukipoteza, yeye na wenzake wote. Akavuta pumzi.

"Kitambi, ruka!"

Meza kuu yote iliruka. Mgeni rasmi aliruka na soda yake mkononi na haikumwagika. Wenyeviti waliruka na viti vyao. Mchungaji na shehe waliruka upande mmoja, wakaangukiana wakiwa wameshikana mikono. Hakuna aliyeuliza anaambiwa nani, kwa kuwa kila mmoja aliijua nafsi yake. Mtu mmoja tu hakuruka. Mihayo alinyoosha mgongo, akaweka mkono kiunoni, akauliza kwa sauti ya kiofisi:

"Umesema nini?"

Alijibiwa kutoka juu. Gunia la kwanza lilimpata begani, la pili likamketisha, yaliyobaki yakapasukia juu ya turubai na viti vilivyokuwa vimekaliwa muda mfupi uliopita. Segese yote ikanuka ziwa.

Wa kwanza kufika alikuwa Mbuke. Alifukua dagaa kwa mikono, analia na kugomba kwa pamoja. "Nilikwambia ruka! Si nilikwambia? Mbona huruki, baba wa watu?" Mihayo alitolewa mtulinga umevunjika, dagaa mmoja sikioni, na kofia ngumu ikiwa bado kwapani, mpya, haina hata mkwaruzo.

Mgeni rasmi alitazama kiti chake, ambacho sasa kilikuwa bapa. Akauliza ni nani aliyetukana.

"Ni mimi, mheshimiwa," akasema Mbuke, akapiga goti kidogo. "Shikamoo."

Mgeni rasmi alitazama juu kwanza, akasogea hatua kadhaa pembeni, ndipo akaitika. Kisha akatoa maagizo. Mama huyu na kikosi chake waachwe wafanye kazi, na waachwe watukane. Kofia zote za meza kuu wakabidhiwe makuli. Na aliyeamuru kamba ya mzigo itolewe? Davis alinyanyua tu macho hadi kwenye bango, na watu wote wakalitazama, kisha wakatazama machela.

Mihayo hakuthibitishwa. Bado anakaimu, ila kazi imebadilika: sasa ni Kaimu Mkaguzi wa Kamba, Segese, na kazi yenyewe haifanyiki ofisini. Siku ya kwanza alifika mkono ukiwa umefungwa shingoni, akaingia nyuma ya fuso la mpunga, akainama kuangalia fundo. Makuli walimwamkia mmoja mmoja, kwa adabu kamili, na kila shikamoo, aliyoisikia kama onyo, ilimfanya akimbilie ghalani. Ilibidi Masudi awaombe waache, mzee wa watu apumzike.

Alipotulia na kurudi kwenye fundo lake, juu ya mzigo gunia likateleza.

"We kitambi, ruka!"

Akaruka, na mkono wake mbovu hivyohivyo, akavuka matope, akaangukia nyuma ya pipa la maji. Gunia likatua pale alipokuwa ameinama. Vumbi lilipotulia, watu wakasubiri kuona kama yu hai, na kama atasema kitu.

"Marahaba," ikasikika sauti kutoka nyuma ya pipa.