Jinsi Niran Alivyokishinda Kichwa cha Sangara pale Mwaloni

Kitendawili, wajukuu zangu. Semeni tega. Mwili wake umepanda ndege kwenda Ulaya, kichwa chake kimebaki Kirumba kinangoja mafuta yapate moto. Nani huyo? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Misungwi, nimekwenda, nimekula, nimekunywa maziwa yao, nimerudi. Ni sangara huyo, ambaye viwanda humtoa minofu na kuisafirisha, navyo kichwa na mifupa, yaani mapanki, vikaachwa kwetu sisi wenye meno. Sogeeni karibu, na wewe zima hiyo simu, maana leo yanasimuliwa mapigano makuu ya saa nane mchana, ambayo hakufa ndani yake kiumbe yeyote ila samaki, naye alikuwa amekwisha kufa tangu alfajiri.

Palikuwa na shujaa, Niran mwana wa Thailandi, Mtiisha Barafu, Mkono Usioganda, aliyevuka bahari na mawingu kuja kutengeneza mashine za barafu kiwandani. Mashine zilimheshimu. Tumbo lake halikumheshimu. Miezi mitatu alikula katika hoteli zenye vitambaa mezani, ambako sahani ya minofu na chipsi ilimlia mshahara kabla yeye hajaigusa: samaki mweupe, asiye na mfupa, asiye na pilipili, asiye na habari yoyote. Akakonda hata mkanda wake ukatobolewa tundu la nne. Na siku ya mapigano ndiyo kiwanda kilipotaka neno lake: atie saini mwaka mwingine, au akate tiketi arudi kwao kula vizuri.

Chenge, mwenzake wa zamu, alimkuta getini. "Ndugu yangu, ofisi imenituma. Saa tisa wanataka jibu. Unabaki au unaondoka?"

Pua ya Niran ilikuwa imekamata harufu, naye akaifuata kama jeshi lifuatavyo bendera, akapita mizani, akaruka matenga ya dagaa, Chenge akimkimbilia nyuma na kusihi, "Huko si pa wageni," hata wakafika Mwaloni, soko la samaki, kwenye banda la mabati lenye mabenchi mawili yaliyojaa wapakuaji wa mitumbwi. Hapo alitawala Dorotea mke wa Maige, Malkia wa Karai, ambaye moshi ulimpisha njia.

"Umechelewa leo, Chenge," akasema Dorotea. "Nimekuwekea chako."

Niran akamgeukia mwenzake. Kumbe kila mchana Chenge alimsindikiza hadi mlango wa hoteli kwa heshima zote, kisha akaja mbio hapa.

"Mgeni hapelekwi kwenye mapanki," Chenge akanong'ona, akitazama viatu.

"Shikamoo, mama," Niran akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nikupe mnofu wa sato?"

"Naomba kichwa. Kile kikubwa."

Benchi zima likaacha kutafuna. Dorotea akaweka upawa chini na kunena: "Mchina wangu, nisikilize."

"Mimi Mthailandi, mama."

"Mthailandi wangu, nisikilize hivyo hivyo. Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya karai hili, wala sijampa mgeni kichwa. Nikupe leo, ili kesho Kirumba yote iseme Dorotea kamlisha mgeni wa watu mifupa, kama paka? Mgeni anapewa mnofu. Ndivyo nilivyolelewa."

Naye Niran, kwa Kiswahili chake cha miezi mitatu, akajibu: "Mama, kwetu kichwa anapewa bibi. Bibi akikupenda sana, anakumegea shavu. Mnofu tunawapa watoto, hawajui kula. Miezi mitatu mimi nakula chakula cha watoto."

"Duh," akasema Rahim, mchuuzi wa dagaa. "Mama, mtu ametukanwa miezi mitatu na bado anatusalimia. Mpe kichwa chake."

"Nampa," Dorotea akakubali. "Ila akikibakiza nusu, atakula mnofu mbele ya macho yangu."

Kichwa kikaletwa na ugali, ndimu na pilipili, kimeachama kama lango la ngome. Shujaa akanawa. Akaliteka shavu la kushoto, akaliteka la kulia, akaizingira midomo, akapenya nyuma ya matamvua, mahali ambapo wanaume wengi hukata tamaa, kisha akalifyonza jicho taratibu, amefumba yake mawili. Mifupa ikapangwa pembeni kama mateka. Paka wa pale Mwaloni akaja, akaikagua, akaondoka na hasira.

Na bei yake yote? Sawa na soda moja ya kule hotelini.

Rahim akasimama na kofia mkononi, akatangaza kwamba tangu leo miaka ya Mwaloni itahesabiwa kabla ya kichwa na baada ya kichwa. Wapakuaji wakagonga sahani. Dorotea akamchagulia Niran shavu kutoka karaini, akamwekea kwa mkono wake mwenyewe.

Chenge akatazama saa. "Ndugu, ni tisa kasoro. Ofisi."

Niran akalamba kidole cha mwisho.

"Waambie nabaki," akasema. "Halafu urudi upesi, mama anakaanga cha pili."