Aspirini Moja, Kuku Mmoja

Phanuel wa Busia, upande wa Kenya, alikwenda hospitali moja ya Tororo, ng'ambo ya mpaka, kupasuliwa ngiri, na nawaambieni ukweli, alikwenda kwa nia njema. Nia hiyo ilidumu mpaka saa ya kuona wagonjwa. Akina mama wa kanisa waliingia wakiimba, na kila anayesubiri kisu akaachiwa kuku hai chini ya kitanda. Aliyekwisha kupasuliwa aliachiwa maombi tu. Phanuel macho yakamtoka.

Jioni daktari Ofwono akampitia. "Unameza dawa yoyote?"

"Kichwa kikiuma, aspirini."

"Acha kabisa. Inazuia damu kuganda, nisije nikakukata ukavuja kama bomba. Ukimeza tena, tunaahirisha."

Maskini daktari! Alidhani ametoa onyo, kumbe ametoa mtaji. Asubuhi Phanuel, ambaye hakuwa amemeza hata punje, alimwita muuguzi akajuta kwa sauti kwamba kichwa kilimzidi akameza aspirini. Akapangiwa wiki nyingine.

Mchezo ukawa huo. Siku ikikaribia, kichwa kinauma; akina mama wakija, bado anasubiri; kuku mwingine huyo. Binamu yake Griffins alikuwa akija na gunia, anawapeleka kuku Busia. Wachache wakauzwa sokoni, wengine wakafugwa, maana Phanuel alitaka kufungua kibanda cha kuku wa kukaanga karibu na mpaka, na jina la kibanda alikuwa nalo tayari.

"Kisu mimi sikiogopi, mama zangu," alisema mkono kifuani. "Leteni hata panga! Ni hii aspirini tu." Akina mama wakafuta machozi. Sijui nimcheke nani hapo.

Mama Apendi, kiongozi wao, akaishiwa kuku kwa ajili ya Phanuel. Akavuka mpaka hadi sokoni Busia, akanunua mmoja mnono. Alipomfungulia nyumbani Nabuyoga, kuku akapita watu wote, akaingia jikoni, akapanda kwenye kiota akataga.

"Ala! Huyu si kuku yangu huyu, ile nilipea Phanuel?" Kitambaa chekundu bado kilikuwa mguuni, kimefichwa na tope. Kwao kila nyumba hufunga kuku wake kitambaa asipotelee kwa jirani. Griffins, mtu wa mjini, alidhani ni pambo.

Mama Apendi hakugombana na mtu. Alikwenda kwa daktari.

"Hii aspirini kweli nazuia Phanuel?"

"Mama, habari za mgonjwa siwezi kukupa."

"Basi niambie ya watu wote."

"Ya watu wote ni hivi: nimeuliza wakubwa wangu. Kwa ngiri ndogo, aspirini kidogo mara nyingi si kizuizi."

Jumapili wodi ilijaa. Phanuel alikuwa katikati ya hotuba yake, amefika kwenye panga, daktari akaingia. "Habari njema. Aspirini au la, kesho tunaweza. Ukikubali mwenyewe, hakuna lazima."

Akina mama wakapiga vigelegele. Phanuel alitazama dirisha, lina nondo. Akatazama mlango, amesimama Mama Apendi, na mama yule ni mpana.

"Nakubali," alisema.

Akapasuliwa vizuri, akashonwa. "Sasa hatari imegeuka," daktari akamwambia. "Ukilala tu kama gunia, damu itaganda miguuni. Tembea kidogo kidogo kila siku."

Mama Apendi aliyasikia hayo. Akampata Griffins: "Ndugu yako amepona. Kwetu mtu akipona natoa shukrani kanisani. Lete kuku yote." Griffins, ambaye hakuwahi kukosa sherehe, akaleta kuku wote.

Siku ya shukrani Phanuel alikabidhiwa sinia. "Daktari amesema tembea, mwanangu. Pelekea wageni."

"Mama, na mimi je?"

"Wewe kunywa uji kwanza, tumbo bado bichi."

Akatembea benchi hadi benchi, mkono mmoja kwenye nyuzi, akigawa kibanda chake paja kwa paja, huku watu wakimbariki. Roho ilimuuma kuliko kidonda. Benchi la mwisho alimkuta Griffins, midomo inang'aa mafuta.

"Bro," Griffins akasema, "ongeza supu."