Sahani ya Nibaran

"Sindano ya mbwa hakuna," alisema karani wa dirishani bila kuinua macho kwenye chai yake. "Rudini Jumatatu."

Nibaran Hajra alitazama shavu la mguu wake, pale mbwa wa sokoni alipozamisha meno asubuhi ile. Hospitali hiyo Ijumaa husema Jumatatu, na Jumatatu husema Ijumaa. Gari la mkubwa wao tu ndilo halikosi mafuta. Duka la dawa ng'ambo ya barabara lilikuwa na sindano tele, kwa wenye pesa. Nibaran hakuwa na kitu.

Akageuka. Nyuma yake kwenye foleni walikuwepo wanne, wote wa mbwa yuleyule: Khiroda muuza mboga, Gopen mfanyabiashara wa mchele, na ndugu wawili wabeba matofali. Kila mmoja kashika mfuko wake wa pesa. Nibaran akatabasamu kama bwana harusi.

"Sindano za nini, jamani?" Akachomoa sahani ya shaba kwenye mkoba wa begani. "Hii ikiganda mgongoni, sumu imo. Ikianguka, umepona. Ila usisimame nayo, sumu itapanda kichwani."

"Bei?" aliuliza Gopen, ambaye angeweza kulinunua duka zima la dawa, ila roho ingemuuma kuliko mbwa.

"Nusu ya sindano, mzee."

"Robo."

"Haya, robo, kwa kuwa nimekupenda."

Nyuma ya banda la baiskeli, mgongo baada ya mgongo, sahani ikaganda. Ulimbo wa fenesi, aliokuwa akiupaka chini yake kwa siri, haujawahi kumwangusha. Vidonda akavipaka pilipili. Wagonjwa wakalia, wakalipa, wakashukuru. Pesa ya sindano ikatimia, naye akaanza kuivuka ile barabara kwenda dukani.

"Kaka," alisema Khiroda, "mbona unachechemea?"

"Baridi yabisi, shangazi."

Mama yule alikuwa kashainama, kampandisha suruali. Akanusa. "Sabuni. Sisi katupaka pilipili, yeye kaosha kwa sabuni."

Ndugu wa matofali wakatazamana. "Kumbe mganga naye kaumwa," alisema mmoja. "Si atibiwe?"

Wakamrudisha bandani, wakamkalisha, wakautoa ulimbo mkobani, wakammwagia wote mgongoni, wakamgandisha sahani yake mwenyewe.

"Usisimame," alisema Gopen, akimtoa pesa mfukoni. "Sumu itapanda kichwani."

"Niacheni nifike dukani." Sauti ya Nibaran ilikuwa sasa ya mtu asiye na cha kuuza. "Ni ulimbo tu. Aliyenifundisha alikufa na sahani hiyohiyo mgongoni, ana kiu na anayaogopa maji. Nendeni mkanunue. Na mimi mnikumbuke."

Khiroda akaenda, akarudi na kichupa kwenye barafu. Muuguzi wa hospitali aliwasugua pilipili yote kwa sabuni, huku akiwasema, kisha akakiinua kile kichupa.

"Hiki ni cha watu watano. Nikishafungua, kinachobaki namwaga. Wa tano yuko wapi?"

Wanne wakatazama banda la baiskeli.

"Mwache afe," alisema Gopen.

"Na dawa ya pesa yako imwagwe, mzee?"

Gopen akakunja uso. Kumwaga kitu kilicholipiwa ni jambo ambalo ukoo wao haujawahi kulifanya. "Mleteni," akasema.

Nibaran akachomwa sindano huku sahani ingali mgongoni, kama kobe.

"Jumatatu mnarudia," alisema muuguzi, "wote pamoja, na kichupa kingine."

"Atakileta huyu," alisema Khiroda. "Tutamkuta hapahapa. Mtu anayejua mwenzake alivyokufa hakosi sindano."

Jumatatu Nibaran alifika, kichupa mkononi, akitembea kama mtu aliyebanduliwa ngozi.

"Umeiba wapi?" aliuliza Gopen.

"Sijaiba. Nimeuza sahani." Akaelekeza kidevu langoni. "Mkubwa wa hospitali kainunua. Nimemwambia inafukuza mbwa. Fungu la pesa za sindano halikuwepo. La sahani limepatikana siku hiyohiyo, na risiti juu."

Wote wakageuka. Sahani ilikuwa inang'aa juu ya lango, imepigiliwa misumari mipya. Chini yake, kwenye kivuli, mbwa wa sokoni alikuwa amelala.